Chaja Nzito

Nyumba yetu ya mtaa wa Asafo ina vyumba vitano na soketi moja tu ya kutegemewa, ile ya sebuleni, nyuma ya kiti cha marehemu mume wangu. Nyingine zipo, lakini moja hutema cheche, moja fundi rangi aliiziba kabisa, na ya jikoni huamka ikipenda. Kwa hiyo umeme ukirudi, wote tunakimbilia hapo na waya zetu kama kuku waliomwagiwa mahindi: simu yangu, simu ya mjukuu wangu Boatemaa, simu ya mpangaji wa uani, na laptop ya Boatemaa, ambayo ndiyo kubwa lao.

Boatemaa hutengeneza vitabu vya msiba. Mtu akifariki, familia humletea picha zake, wasifu wake, maneno ya mjane, ya watoto, ya wajukuu, ya kwaya ya kanisa, naye huyapanga ukurasa kwa ukurasa hadi marehemu akae vizuri kuliko alivyokaa duniani. Bila kitabu kizuri watu husema fulani kazikwa kama hana wenyewe. Laptop ile ndiyo shamba lake na jembe lake. Aliinunua baada ya miaka miwili ya kufagia na kukata karatasi kwenye duka la mpiga picha, na huifuta kila asubuhi kwa kitambaa cha miwani yangu.

Mwezi ule umeme ulikuwa wa mgao, unakaa saa nne leo, saa sita kesho, kesho kutwa hakuna. Chaja yake ya asili ikakatika shingo, akaifunga kwa plasta, plasta nayo ikachoka. Naye alikuwa na kitabu cha katekista mzee, kurasa arobaini, maziko Jumamosi.

"Nana," akaniambia Jumatatu, "kesho mimi niko kwa familia ya katekista, nafuata picha zilizobaki. Nipitie wewe dukani kwa Kaka Asubonteng. Nataka chaja moja ya ukutani, yenye matundu mengi, ichaji laptop na simu zote kwa pamoja, na ichaji haraka kabla umeme haujaondoka. Tazama nyuma yake. Utafute sitini na tano na herufi W, kwenye tundu moja. Isipungue hapo. Halafu usichukue likubwa, Nana. Nzuri za siku hizi ni ndogo."

"Ndogo itabebaje mizigo ya watu watatu?"

"Nana, si punda hiyo."

Nikacheka. Nikamwambia, "Miaka arobaini na mmoja nimeuza viazi vikuu soko la Kejetia. Hakuna aliyewahi kunipa kilichooza nikakipokea."

Na ni kweli. Kiazi kikuu kina ngozi ya uongo. Utakiona kizuri, kirefu, kimenyooka, kumbe ndani kimekauka au funza wamejenga. Sisi wa safu ya viazi hatutazami. Tunakiweka mkononi, tunafumba macho, tunakigonga kwa kifundo cha kidole. Kizito, chenye mlio wa kushiba, hicho ni chakula. Chepesi mrudishie mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha wote waliopitia kwangu, na zaidi ya wote Asubonteng.

Mama yake, Dufie, alikuwa jirani yangu wa safu. Alipofariki, mtoto alikuwa na miaka tisa, nikamchukua. Alikula bakuli moja na binti yangu. Alipofika miaka kumi na minne ungempa viazi viwili akiwa amefumba macho, akakwambia kipi kimechimbwa wiki hii na kipi kimelala ghalani mwezi. Alipotaka kazi ya simu, ni mimi niliyempeleka kwa fundi na kuku wawili na chupa ya kinywaji, kama desturi inavyotaka. Na siku alipofungua duka lake mwenyewe alikuja nyumbani amevaa kitambaa chake kizuri, akaomba ruhusa ya kuweka jina langu juu ya mlango. Kibao kikaandikwa kwa rangi nyekundu: Mkono wa Maame Afrakoma. Nililia siku ile, sisemi uongo. Wanawake wote wa safu yangu wakahamia kwake. Wao na simu wapi na wapi, lakini jina walilijua.

Basi Jumanne asubuhi nikaenda.

"Mwenye duka kaja!" Asubonteng akapaza sauti aliponiona. Akafuta kiti kwa shati lake. "Mama, magoti yanasemaje?"

"Yanasema yanataka kukaa."

Nikakaa, nikamweleza: laptop, simu tatu, soketi moja, maziko Jumamosi. Akasikiliza huku akitikisa kichwa. Kisha akaweka mbili juu ya kioo cha meza. Moja nyeupe, ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, matundu manne. Nyingine nyeusi, kubwa kama nusu mkate, matundu sita, na taa ya buluu mbele.

Nikavaa miwani. Nyuma ya nyeupe niliiona sitini na tano, imetulia. Ile nyeusi ilikuwa na mia mbili arobaini kubwa mbele, kama bango la kanisa, na nyuma maandishi madogo yamebanana kama sisimizi.

"Hapa sioni sitini na tano," nikasema.

"Ah, Mama! Maandishi huandikwa na yeyote mwenye wino. Si wewe uliyenifundisha?" Akaichukua ile nyeusi, akaulaza mkono wangu wazi, akaiweka kwa mikono yake miwili, taratibu, kama anavyokabidhiwa mtu mtoto mchanga. "Weka mkononi. Fumba macho."

Nikafumba. Ilikuwa nzito, ya baridi, imetulia. Nikaigonga kwa kifundo. Mlio wa kushiba, kama kiazi cha Disemba. Akanipa nyeupe. Nyepesi, ganda la karanga.

"Hii ina nini ndani?"

"Upepo, Mama. Hizo za vijana."

"Boatemaa kasema ndogo."

"Boatemaa wa juzi tu, uzito ataujulia wapi? Mimi nimuuzie upepo mtu aliyenilisha ampesi ya viazi?"

Nikalipa. Akaniongezea waya mmoja wa bure, kama sisi tunavyomwongezea mteja kiazi kidogo juu ya fungu ili asiondoke na moyo mkavu. Waya ule ulinifurahisha njia nzima.

Boatemaa aliigeuza chaja mara mbili, mara tatu. "Nana, sioni ile namba."

"Weka mkononi," nikamwambia.

Akaiweka. Mtoto aliyelelewa habishani na bibi aliyetembea jua lote kwa ajili yake. Akauliza tu, "Ulimwambia Kaka Asubonteng kwamba ni ya laptop?"

"Nilimwambia."

"Basi."

Umeme ulirudi Jumatano saa nane mchana. Tukachomeka, taa ya buluu ikawaka, na sebule ikawa kama harusi. Simu ya mpangaji ndiyo ya kwanza kuchanganyikiwa. Kioo kikaanza kujibonyeza chenyewe, hadi ikampigia mama mkwe wake.

"Halo? Hapana, Mama, sikukupigia... ndiyo, nakukumbuka sana... hapana, pesa sina!"

Tulicheka tukashika mbavu. Nilipoigusa chaja ilikuwa ya moto kama sufuria ya uji, nami nikajisemea: inafanya kazi, hiyo. Boatemaa alikuwa akimpanga katekista na baiskeli yake kwenye ukurasa wa kumi na tisa. Umeme ukashtuka, ukaondoka, ukarudi kwa kishindo kama unavyojua kurudi. Chaja ikanukia kama nywele zilizoguswa na chanuo la moto. Taa ya buluu ikazimika. Laptop ikawa nyeusi kama chungu.

Boatemaa alichomoa kila kitu. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Hakupiga kelele. Aliifuta kwa kile kitambaa cha miwani yangu, akaifuta na upande wa chini, kana kwamba ni vumbi.

Jioni ile ile fundi aliifungua akasema moyo wake umeungua, si wa kushonwa. Alhamisi asubuhi wakaja wanaume wawili wa familia ya katekista. Hawakugombana. Walichukua bahasha yao ya picha, wakashukuru kwa maji, wakaenda kwa mtu mwingine. Mmoja alinipa pole mlangoni kana kwamba msiba ni wetu.

Walipoondoka nilichukua kisu changu cha viazi, nikaipasua chaja kwenye mshono. Ndani mlikuwa na kibati cha kijani kikubwa kama biskuti, nyaya chache, na vipande viwili vya chuma vilivyogandishwa kwa gundi. Havikuungwa na waya wowote. Vilikaa tu humo, kazi yao uzito.

Boatemaa alivitazama. "Labda Kaka hakujua, Nana. Huletewa zimefungwa hivyo hivyo kutoka nje."

Nilitaka iwe hivyo. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho. Nikavifunga vile vyuma kwenye ncha ya kitambaa nilichojifunga, nikaenda.

Mbele ya duka walikuwa wanachimba mfereji, nikazungukia mlango wa pembeni. Ndani nikaona mgongo wa Akyaa, aliyerithi nafasi yangu ya safu, mwanamke mnene mwenye sauti. Asubonteng hakuniona.

"Hapa nyuma pameandikwa nini?" Akyaa alikuwa akiuliza.

"Ah, Mama Akyaa! Maandishi huandikwa na yeyote mwenye wino." Akaulaza mkono wa Akyaa wazi, akaweka kile kitu cheusi kwa mikono yake miwili, taratibu, kama mtoto mchanga. "Fumba macho. Maame Afrakoma mwenyewe juzi kachukua hii hii."

Nikasogea hadi mezani. Nikafungua ncha ya kitambaa, nikaviweka vile vyuma juu ya kioo, kimoja, na cha pili.

Mtu asiyejua angeuliza, Mama, hivi ni nini? Asubonteng hakuuliza. Hakuvitazama hata mara moja. Alitazama mlango, kuona kama kuna mteja mwingine anayesikia. Hapo ndipo nilipojua.

"Mama, tuingie ndani tuzungumze."

"Tutazungumza hapa hapa, mbele ya Akyaa."

"Zote huja hivyo, Mama. Mji mzima wanauza hizi. Nilijua utachajia simu zako tu."

"Nilikwambia laptop. Nilikwambia maziko Jumamosi."

"Ile nyeupe ilikuwa moja tu, na kuna mtu wa ofisini alikuwa ameiulizia..."

"Sikiliza nikuulize," nikamwambia, na sauti yangu haikupanda, sijui ni kwa nini. "Akija mtu anayesoma nyuma, humuuzia ipi?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Nyeupe."

"Na akija anayepima kwa mkono?"

Akaketi kwenye kiti alichonifutia juzi.

Ni Akyaa aliyejibu. "Kumbe ule mkono juu ya mlango si wa Maame! Ni wako wewe, nao umo mifukoni mwetu! Nilinunua tatu kwako, Asubonteng. Tatu! Moja nilimpelekea mchungaji!"

"Mama Akyaa, nitakurudishia..."

"Utanirudishia mchungaji?"

Nami nilikuwa ninamtazama yule mtoto wa Dufie, nikimwona amefumba macho na viazi viwili mikononi, ulimi nje kwa kufikiri. Kila mmoja wetu pale sokoni aliwahi kudanganywa. Lakini mwizi wa kawaida hutafuta mlango. Huyu mlango nilimwonyesha mimi, na ufunguo nikampa.

"Shusha jina langu," nikasema.

"Mchora vibao atakuja Jumatatu, Mama."

"Nitasubiri."

Akainuka; nikabeba kile kiti nje, nikakiweka chini ya kibao, karibu na vumbi la mfereji, nikakaa na vyuma viwili mapajani. Kila mwanamke niliyemjua akipita nilimwita, nikamwekea mkononi. "Pima," nikamwambia. "Vimetoka ndani ya chaja ya Asubonteng." Sikuongeza neno. Wengine walicheka, wengine walishika midomo, mmoja alikwenda zake akarudi na ya kwake ikiwa kwenye mfuko. Saa kumi alasiri Asubonteng akatoka na ngazi na kopo la rangi nyeusi, akapanda mwenyewe. Alifuta jina langu kwa mipako mitatu. Rangi ikamwishia hapo. Kibao kikabaki kinasema Mkono wa.

Alipotelemka alinipigia magoti kwenye lile vumbi. Sikumwinua. Nilikwenda kwa miguu hadi nyumbani.

Boatemaa sasa hupanga vitabu vya msiba kwenye duka la mtu mwingine, kwa kompyuta ya mtu mwingine, na jina la mtu mwingine ndilo linaloandikwa ukurasa wa mwisho. Asubonteng alituletea ile chaja nyeupe kwa mkono wa Akyaa. Nilitaka irudishwe. Boatemaa akasema, "Nana, hii haina kosa lolote." Ipo pale nyuma ya kiti. Inachaji simu zetu tatu kwa pamoja, upesi, haipati hata joto. Huwa namwomba mpangaji aichomeke. Mimi siishiki.

Na juzi nilikwenda Kejetia kununua kiazi cha Jumapili. Akyaa akanichagulia kimoja kizuri, akanipa. Nikakiweka mkononi, nikafumba macho. Nilikaa hivyo muda mrefu, watu wanapita.

"Maame, vipi? Kina nini?"

"Niazime kisu," nikamwambia. "Nikipasue nikione ndani."