Kitufe Chekundu

Kwa miaka thelathini na minane Reino Saarela aliendesha lori la magogo, na redio ya lori ndiyo iliyokuwa mdomo wake. Unabonyeza, unasema, unamaliza kwa "ovaa", yaani zamu yako, unaachia, unasikiliza. Kwa hiyo binti yake Marlys alipomwekea kwenye kompyuta programu ya kupigia simu, akakipaka kitufe kimoja rangi nyekundu ya kucha na kuanza kumweleza, mzee alimkata kauli.

"Unifundishe mimi redio? Nilikuwa nayo hujaota hata meno."

"Haya, mjuaji."

Laiti angemsikiliza.

Mkewe, Lempi, alifariki Januari, wakati ardhi ya kaskazini mwa Michigan haichimbiki. Kama ilivyo ada ya huko, jeneza liliwekwa kwenye chumba cha mawe makaburini, lingoje Mei theluji iyeyuke. Siku ya ibada ya kumuaga, Reino alimwambia mwanawe Darrel mbele za watu: "Mama yako alikuita siku tatu. Umekuja kuangalia maiti." Darrel akarudi mgodini kwake, mbali huko Kanada, bila kuaga. Simu za mkononi hazishiki kule, ila kambi ina mtandao. Sasa Mei ilikuwa imefika, na Reino alitaka jambo moja tu duniani: mwanawe aje wamzike Lempi pamoja.

Jumapili, baada ya kanisa, jirani yake Elma alikuwa jikoni akikata mkate wa iliki, kompyuta ikalia.

"Haloo, Baba."

Ilikuwa sauti ya Darrel. Akakikandamiza kitufe chekundu.

"Mwanangu, nilikukosea. Nilijua theluji ilifunga barabara, na bado nikakusema. Mama yako hakukulaumu hata mara moja. Njoo, mwanangu. Siwezi kumshusha kaburini peke yangu. Ovaa."

Akaachia. Kimya. Akakandamiza tena.

"Darrel, nakuomba. Nakupigia magoti. Ovaa."

Akaachia. Kimya kile kile. Aibu ikampanda, na kwa Reino aibu haikawii kugeuka hasira. Akamgeukia jirani yake.

"Umeona, Elma? Kimya! Basi asije. Lempi hakuzaa mtoto, alizaa jiwe."

"Reino, jamani!"

Sauti ndogo ikatoka kwenye kompyuta. "Nimekusikia, Baba." Simu ikakatika.

Jumamosi walimzika Lempi. Reino alishika kamba upande wa kulia, na ile ya kushoto, ambayo hakutaka mtu aishike mpaka dakika ya mwisho, ikashikwa na mchimba kaburi.

Waliporudi nyumbani Marlys aliuliza kulikoni Darrel hakuja. Mzee akafoka kwamba amejidhalilisha, ameomba msamaha, na mtoto amemsikia kwa masikio yake lakini hakuja. Akakaa mbele ya kompyuta, akaonyesha alivyofanya, kidole juu ya kitufe chekundu.

Marlys akashika mdomo.

"Baba, hicho ni cha kuzima sauti ukitaka kukohoa. Ukikishika, hakuna anayekusikia, na wewe humsikii mtu. Ukikiachia ndipo unasikika."

Reino alikitazama kidole chake. Alikumbuka aliyoyasema akiwa amekandamiza, kisha aliyoyasema baada ya kuachia.

"Mpigie," alisema. "Mpigie wewe. Mimi sigusi."

Marlys akapiga, akamweleza kaka yake yote, upesi upesi, huku akilia. Kisha akasema, "Yuko hapa. Sema, Baba."

Mzee alikuwa ameficha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Darrel. Nilikuomba uje. Haki ya Mungu nilikuomba."

Darrel aliuliza jambo moja tu.

"Ameshazikwa?"

"Leo, saa sita."

"Nilikuita, Baba. Wakati ule umenyamaza, niliita, nikaita," Darrel alisema. "Nilipiga kukwambia nimeshakata tiketi."