Bibi Harusi wa Jina la Kumi na Saba

Wenzake kazini walimwita Kipaza, na wala hawakumwonea. Mwanamke yule alikuwa na sauti ya kumfikia mtu wa mwisho kwenye kundi la watu thelathini, katikati ya honi za magari, bila hata kukohoa. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa akiwatembeza wageni mji mkuu kwa miguu: vituo saba, saa tatu, mwavuli wa njano umeinuliwa juu ili asipotee mtu. Alijua kutembea kinyumenyume bila kujikwaa. Alijua kusimama jua likimpiga yeye usoni ili wageni wake wasikunje macho. Na alijua, jamani, kutia chumvi. Hapo ndipo penye habari yetu.

Kituo cha saba kilikuwa ukuta. Ulikuwa nyuma ya jengo la Bunge, upande ambao waheshimiwa hawapiti, na juu yake yalichongwa majina kumi na saba ya mafundi na vibarua waliokufa siku jukwaa la ujenzi lilipoanguka, miaka thelathini na minane iliyopita. Majina matupu. Hakuna umri, hakuna picha, hakuna mtu alikotoka. Wageni walifika hapo miguu inawawaka moto, wakatazama saa, wakapiga miayo bila hata kuziba mdomo. Kipaza aliumia. Yeye anasoma majina ya marehemu kwa heshima zote, wao wanamwuliza choo kiko wapi.

Siku moja, mwaka wake wa nne kazini, ulimi ukamponyoka. Hakupanga. Alikuwa amefika jina la mwisho, mvua inanyunya, mgeni mmoja ameshageuka kuondoka, ndipo akajisikia mwenyewe akisema, "Huyu wa kumi na saba alikuwa afunge ndoa kesho yake." Yule mgeni akarudi. Kundi zima likanyamaza kimya. Haya niambie, ungekuwa wewe ungeacha? Wiki iliyofuata bibi harusi akapata gauni. Mwezi uliofuata akaja nalo hadi kwenye uzio wa ujenzi, akasimama kutwa nzima, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Watu walilia machozi ya kweli. Watembezaji wengine wakaidaka hadithi, kila mmoja akaongeza lake. Maharusi wakaanza kuja kuweka maua na kupiga picha. Mwisho halmashauri ya jiji, ambayo haijawahi kujibu barua hata moja ya kuomba choo cha wageni, ikasimamisha kibao kizuri cha chuma: HAPA ANAKUMBUKWA BIBI HARUSI ALIYESUBIRI. Kipaza alipokiona mara ya kwanza alicheka kidogo, kisha akakosa raha siku nzima. Kesho yake akaendelea na kazi.

Sasa siku ya habari hii kundi lilikuwa dogo, watu tisa. Wazee watano waliostaafu pamoja kazi ya posta, kijana mmoja na mkewe wa wiki mbili ambao hawakuachiana mikono hata wakivuka barabara, na mama mmoja wa miaka sabini hivi, amefuatana na binti yake muuguzi aliyembebea mkoba. Mama yule alivaa viatu vipya vilivyombana. Kwenye uwanja wa sanamu wenzake walitazama sanamu, yeye akamtazama Kipaza. Kwenye ngazi za mahakama kuu vilevile. Kipaza akadhani amefananishwa na mtu.

Kituo cha tatu kilikuwa posta ya zamani, ukumbi wenye ubaridi na mabenchi marefu ya mbao. Wale wastaafu wakapagawa. Wakaanza kubishana juu ya mihuri na magunia ya barua, kila mmoja anajifanya yeye ndiye aliyeibeba idara nzima mgongoni. Muuguzi akaenda kumtafutia mama yake maji. Kipaza akapata nafasi ya kukaa kando ya yule mama.

"Viatu vinakutesa, mama?"

"Vitazoea. Mwanangu, wewe ndiye mwenye ile habari ya bibi harusi?"

Kipaza akatabasamu. Alishazoea kuulizwa. "Ndiye mimi. Lakini hiyo ni ya mwisho kabisa, usinimalizie utamu."

"Yule wa kumi na saba ni mume wangu," mama akasema.

Tabasamu likabaki usoni kwa Kipaza, maana hakujua alipeleke wapi.

"Tulikuwa na watoto watatu," mama akaendelea, taratibu, kama mtu anayeeleza njia. "Huyu aliyekwenda kutafuta maji alikuwa tumboni, miezi saba. Mwenzangu alikuja huku kutafuta riziki. Akafa. Nikamlilia miaka thelathini kama mke anavyomlilia mume, sikutaka mwanamume mwingine, na walikuja, usinione hivi. Halafu mtoto wa jirani akaja na simu. Mama, tazama, baba anatajwa mji mkuu. Jina lake, na la baba yake. Na bibi harusi. Picha yake niliitoa ukutani siku ileile. Miaka minane sijalitaja jina lake ndani ya nyumba yangu. Hasira ya kumgombeza marehemu unaijua, mwanangu? Unagomba usiku kucha, hakujibu."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Sikuja kwa ugomvi. Nimezeeka, na yeye huyo mwanamke atakuwa mtu mzima sasa. Nataka unipeleke kwake. Nimwulize kitu kimoja tu: mwenzangu aliwahi kumtajia wanangu?"

Hapo hapo angesema! Maneno mawili tu: nilimtunga mimi. Mwanamke wa watu mdomo wake haujui breki, amesimulia mbele ya mawaziri na mabalozi, leo mate yamemkauka. Muuguzi akatokea na chupa ya maji, maharusi wakamwita aje awapige picha, na Kipaza wetu akasema nini? Akasema, "Tukifika, mama, tutazungumza." Loh!

Vituo vitatu vilivyofuata alivipita kama mtu mwenye homa. Stesheni ya reli akakosea mwaka, mstaafu mmoja akamsahihisha kwa furaha kubwa. Sokoni akasahau kusimama upande wa jua. Kichwani mwake alikuwa akijigombeza na kujitetea kwa zamu. Akimwambia, mama atamwona mnyama. Asipomwambia, atakwenda kaburini na donge lile kooni, na mumewe hana kosa lolote, maskini, zaidi ya kuchongwa wa mwisho kwenye orodha. Mbele ya ikulu ndogo likamjia wazo la tatu. Angeweza kumwambia kwamba yule bibi harusi alishafariki. Aliugua, akafa, na kabla ya kufa aliwataja sana wale watoto. Hapo hapo Kipaza alishaupata ugonjwa wenyewe, na hospitali, na jirani aliyemuuguza. Yote yalimjia kwa wepesi ule ule wa siku ile ya mvua, na ndipo akaogopa kikweli. Akasimama, akashika nguzo ya taa mpaka pumzi ikarudi. Akaamua. Iwe itakavyokuwa, mama huyu ataondoka hapa na mume wake.

Wakafika ukutani. Palikuwa na maua ya juzi chini ya kile kibao, yameshanyauka. Yule kijana akamweka mkewe mbele ya kibao, akatoa simu. "Haya, Kipaza! Hii ndiyo tuliyoifuata."

"Leo siisimulii," Kipaza akasema. Alijiweka jua usoni kama desturi, lakini sauti ilitoka nyembamba, hata mtu wa mbele alisogea kusikia. "Hakuna bibi harusi. Hajawahi kuwepo. Nilimtunga mimi kwa mdomo wangu huu, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na watu walikuwa wanaondoka. Huyu wa kumi na saba alikuwa na mke, na mke wake ndiye huyu hapa. Mama, mumeo hakukukosea kitu. Aliyekukosea ni mimi. Nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa."

Kijana akashusha simu.

"Na kibao hiki je?" akauliza.

"Walikiweka kwa maneno yangu."

"Lakini dada," mstaafu mmoja akaingilia, mzee wa watu hana baya, "shemeji yangu alikuwa akifanya kazi jengo la pili pale, miaka hiyo. Yeye alimwona yule msichana. Gauni jeupe, kasimama pale pale kwenye uzio. Ametusimulia mara nyingi."

"Hakumwona mtu!" Kipaza akapiga kelele, na sauti ile maarufu ikapasuka katikati. "Ameisikia kwangu! Wote mmeisikia kwangu!"

Mama akajikongoja na viatu vyake hadi kwa Kipaza, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, mwanangu," akasema. "Umeniona mzee, huruma ikakushika. Nimeshukuru. Aliyekulea alikulea vizuri."

"Si huruma, mama. Ni kweli tupu."

"Najua unavyotaka nirudi nyumbani moyo mweupe."

Kipaza akapiga magoti palepale kwenye vigae, mbele ya watu, mwavuli ukaanguka. "Haki ya Mungu, mama, nakuapia. Nilimtunga. Kila kitu."

"Usiape, usijitafutie dhambi kwa ajili yangu." Mama akamvuta ainuke. "Mtu anaweza kutunga jina. Anaweza kutunga harusi. Lakini kusimama kwenye uzio kutwa nzima na hakuna anayekwambia kitu, hilo halitungwi. Nilipolisikia nilijua hapo hapo ni kweli. Maana hata mimi ningesimama."

Ungemwona Kipaza wakati ule ungemhurumia, hata kama ulishaapa kutomhurumia. Alikumbuka alipoutoa ule uzio. Ilikuwa Jumanne, ndani ya basi, anakula karanga. Aliona kwamba gauni peke yake halijatosha, akaweka uzio. Alijipongeza.

Muuguzi alikuwa amesimama pembeni muda wote, mkoba wa mama yake kifuani. Sasa akasogea, akazungumza chini kwa chini, mama asisikie. "Ulimtunga kweli?"

"Ndiyo, dada."

"Na uzio?"

"Na uzio."

Muuguzi akatikisa kichwa polepole. Yeye aliamini. Kazi yake ni kuwatazama watu usoni wanaposema wapi panauma. "Mimi baba yangu sikumwona hata siku moja," akasema. "Nilichokuwa nacho ni ile picha tu. Mama aliichoma." Hakutukana, na Kipaza alitamani mno atukane.

"Binti, njoo unionyeshe," mama akaita.

Muuguzi akaenda, akauchukua mkono wa mama yake, akauweka kwenye jina la mwisho. Mama hakujua kusoma, lakini alilifuata jina lile kwa kidole, herufi kwa herufi, hadi mwisho, akarudia tena. Wale wastaafu wakavua kofia. Mke wa yule kijana alikuwa analia, mumewe hajui amshike wapi.

"Baba watoto," mama akasema, "nimefika. Safari ndefu, na viatu hivi alivyoninunulia mwanao vimenitoa roho. Huyu hapa ndiye yule uliyemwacha tumboni. Amekuwa muuguzi, ana watoto wawili." Akavuta pumzi. "Nilikukasirikia sana, mwenzangu. Sasa basi. Ulikuwa peke yako mji wa watu, ulikuwa kijana. Nimekusamehe. Wewe na yeye, wote wawili nimewasamehe."

Kipaza akapiga hatua moja mbele. Muuguzi akamtazama, akamtikisia kichwa: hapana. Kumbe mama alikuwa na uso mwingine kabisa. Ule uliokunjamana tangu asubuhi, ambao Kipaza alidhani ni wa viatu, ulikuwa umefunguka, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu ambaye zamani aliwahi kuwa msichana mzuri. Miaka minane ya kugomba na marehemu ilikuwa imekwisha, na imekwisha kwa sababu ya kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akageuka.

"Mwanangu, hutaki kunipeleka kwake, sawa. Pengine mwenyewe alikukataza, sikulazimishi. Lakini ukikutana naye, mwambie mke wa marehemu alikuja. Mwambie hana kinyongo naye. Utamwambia?"

Watu wote wakamgeukia Kipaza. Akamtafuta muuguzi kwa macho, lakini muuguzi alikuwa ameinama, anamfungulia mama yake viatu.

"Nitamwambia, mama," akasema.

"Ahsante. Na mwambie apumzike, asisimame tena pale."

"Nitamwambia."