Kidude Kina Kiti

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Najua wahenga walisema apone, lakini wahenga hawakuwahi kuuza mapazia Mtaa wa Msimbazi, wakasimama tangu duka linafunguliwa hadi linafungwa, halafu wakaletewa mgeni mwenye manyoya.

Duka ni la Heriel, mtu wa Machame, ambaye Kariakoo nzima inamwita Mangi. Wauzaji tulikuwa wawili: mimi, Candida, na Moza wa Lindi, mwenye mimba kubwa na miguu iliyovimba mpaka kandambili zinaacha alama. Kiti kilikuwa kimoja, cha Mangi, nyuma ya kaunta. Muuzaji hakai. Mangi ana imani yake, na wenye maduka wengi hapa wanayo: mteja akimkuta muuzaji amekaa, anaona duka limelala, anapita kwa jirani. Kukaa ni nuksi.

Nilimwomba stuli. Si yangu, ya Moza. Nilimwomba kwa adabu, shikamoo mbele, ombi nyuma.

"Nimesikia, binti," alisema. "Nikirudi safari nitawaletea kitu cha kuwapumzisha."

Akaenda Uchina kufuata mzigo. Aliporudi alitoa boksi dogo, akaliweka juu ya kaunta akitabasamu kama mtu aliyeleta mahari.

Ndani kulikuwa na kimnyama cha roboti, kikubwa kama ndimu, manyoya ya kijivu, macho mawili ya taa. Ukikipapasa kinakoroma kama paka aliyeshiba. Ukikiacha kinatikisa kichwa kukutafuta. Na kilikuwa na kiti chake! Kiti cha plastiki chenye mto, ndicho kinachokichaji. Chaji ikipungua kinafumba jicho moja na kulia kama kichanga, mpaka ukikalishe.

"Kule kila mfanyakazi anacho mezani," Mangi alisema. "Akichoka anakipapasa, mawazo yanaisha."

"Mezani, Mangi," nikamjibu. "Maana yake wamekaa."

"Wewe mtoto una mdomo. Ndiyo maana diploma yako imekuleta kushika pazia."

"Na mapazia yanauzika kwa mdomo huohuo."

Moza alikipenda, sitamsingizia. Alikiweka juu ya tumbo, kikawa kinakoroma, na mtoto ndani akapiga teke. "Candi, ona, wanasalimiana!" Lakini kila kilipolia ni yeye aliyeinama kukikalisha, kwa sababu Mangi alipaza sauti kutoka nyuma: "Kimechoka hicho! Kikalisheni, betri itakufa!"

Kimechoka. Neno hilo hatukuwahi kumsikia akilitumia kwa mtu.

Jumamosi moja duka lilikuwa limejaa. Mama mmoja wa Songea alikuwa anachagua mapazia ya sebuleni. Kidude kikalia. Moza akakichukua kukipeleka kwenye kiti chake, miguu ile iliyovimba ikamgomea, akaangukia matako juu ya robota la mapazia. Kidude kikabiringika sakafuni.

Mangi akatoka mbio nyuma ya kaunta. Nikadhani anamwendea Moza. Akaokota kidude. Akakipuliza vumbi, akakigeuza kuangalia kama kimepasuka, akakikalisha taratibu juu ya mto wake. Ndipo akamgeukia: "Moza, inuka juu ya mzigo. Mteja huyo."

Hapo nikachafukwa. Nikaenda nyuma ya kaunta, nikakitoa kiti cha Mangi, kile cha magurudumu, nikakisukuma hadi mlangoni kabisa, pale mtaa mzima unapoona. Nikamkalisha Moza. Kisha nikakinyakua kidude kitini mwake, nikakirusha juu ya marobota, karibu na dari.

"Candida! Umechanganyikiwa?"

"Sijachanganyikiwa, nimechoka! Au kuchoka ni kwa vyenye betri tu? Mwanamke amebeba mtu tumboni anasimama kutwa, manyoya yaliyojazwa nyaya yana kiti na mto! Angekuwa mama yako, Mangi, ungemwambia ainuke juu ya mzigo?"

"Usimtaje mama yangu!"

"Na huyu ni mama wa nani? Wa kidude?"

Nje watu walishajaa. Muuza maji akapiga mluzi. Mama wa Songea akayaweka mapazia chini. "Baba, mpe kwanza maji huyu dada," akasema, "hayo mengine mtagombana baadaye." Akaondoka bila kununua. Kule juu kidude kililia, kikalia, kikanyamaza.

Mangi akanionyesha mlango. "Jumatatu uje uniombe radhi mbele ya hawahawa waliosikia. La sivyo, usije kabisa."

Jumatatu nilikuja. Moza alikuwa amenitangulia. Amekaa mlangoni juu ya stuli ya plastiki aliyoibeba kutoka kwake Mbagala, miguu ameinyoosha, sauti ileile: "Karibu mama, karibu kaka, mapazia mazito, mapazia mepesi!" Wateja wengine waliingia, wengine walipita, kama siku zote. Mangi alimtazama kwa pembeni tu, maana majirani nao walikuwa wanamtazama yeye.

"Moza akae," aliniambia, kidude kikiwa mkononi mwake. "Hilo nimeliachia, mpaka ajifungue. Lakini wewe umenivunjia heshima. Mimi ni sawa na baba yako. Sema samahani, wasikie, uingie tufungue marobota."

Moza akanivuta gauni. "Sema tu, shoga yangu. Neno moja, yaishe."

Ni neno moja, kweli. Nimeshalisema kwa mteja niliyemkanyaga, na kwa mama yangu nilipomjibu vibaya. Ni neno zuri, na ndiyo maana silitoi ovyo. Halikuumbwa ili mtu alitoe kama kodi ya stuli.

"Shikamoo, Mangi," nikasema, maana hiyo ni haki yake.

"Marahaba. Haya, sema."

"Moza alistahili kiti tangu siku nilipokuomba. Radhi siombi."

"Basi huna kazi."

"Sawa. Radhi siombi."