Meno kwenye Mti wa Zeze

Marehemu alirudi nyumbani saa nane na dakika kumi, kama alivyorudi kutoka zamu ya asubuhi kwa miaka thelathini na moja. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti chake. Mkewe alichukua ufagio, maana mabega yale yaliangusha vumbi la pamba hadi chini ya kabati. Ilikuwa wiki ya tatu tangu azikwe.

Hakutoa sauti. Hilo halikuletwa na kaburi. Wafumaji wa kiwanda cha nguo husemezana kwa midomo tu, kwa kuwa kelele za mitambo hazimpi mtu nafasi ya kusikika, na mkewe alijifunza kuisoma midomo ile mwaka wa pili wa ndoa. Masikio yalipozimika, zeze lake alilisikia kwa meno. Alipopiga nyimbo za kwao aliuma ncha ya mti wake, sauti ikampanda tayani, mke akaimba, watoto wakasinzia. Mti ulibaki umetafunika kama gunzi la muhindi.

Sebuleni alikuwepo afisa utumishi wa kiwanda, kwa mara ya tatu, na biskuti kwa mara ya tatu. Mjane aliziweka juu ya kabati na zile nyingine. Hakuzifungua.

"Shikamoo, mzee," afisa alimwambia marehemu, kisha akamgeukia mjane. "Mama, ni karatasi ya kumbukumbu tu. Tunataka kutundika picha ya mzee getini. Weka sahihi hapa."

"Kumbukumbu ya kurasa nne?"

"Ah, mambo ya ofisi hayo."

Mjane alisoma kwa kidole, neno kwa neno, chai ya mgeni ikapoa. Ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa kwamba mzee aliajiriwa akiwa tayari kiziwi, na kiwanda hakidaiwi fidia.

Alimtazama mumewe. Midomo ilisema kwamba siku anaajiriwa alikuwa akisikia hata mchwa wakila mlango.

"Mzee anasemaje?" afisa aliuliza.

"Anasema unywe chai yako uende."

Binti yao aliingia akitoka zamu kiwanda hichohicho, pamba nyweleni, akaamkia kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Mbona unapiga kelele, mwanangu?"

"Nani anapiga kelele, mama?"

Afisa alikunja karatasi taratibu. "Usiposaini wewe hakuna neno, mama. Binti alishasaini ya kwake siku ya kwanza. Muulize."

Mjane aliuliza kwa midomo tu, bila sauti, kwa makusudi. Binti alijibu papo hapo:

"Wote tulisaini, mama! Bila hiyo hupewi sare!"

Mjane alimwomba Mungu kimyakimya, kisha akamrudishia afisa biskuti zake zote, pakiti tatu. Afisa alizichukua.

Jumatatu picha ya mzee ilitundikwa getini bila sahihi ya mtu. Binti alipita chini yake kwenda zamu, kwa sababu zamu ilikuwa yake. Jioni alishusha zeze ukutani ampigie baba wimbo wake. Marehemu alisogeza kiti kumpisha. Mama alisafisha koo, tayari kuimba.

Kabla ya kugusa uzi, binti aliinama akauma mti, na meno yake yakaingia kwenye alama za baba yake bila kuzitafuta.