Nafasi ya Collins Mtumbwini

Nilikuwa nachambua maharage Otuoma alipoingia na gunia, akaliweka kwenye kiti, si sakafuni. Ndani mlikuwa na tunda la mwegea, refu kama mkono wa mtu mzima.

Mume wangu Collins alipopunguzwa kazi, miaka ile mashirika ya umma yakiuzwa, aliingia kwenye uvuvi wa sangara ziwani. Akazama. Mwili haukupatikana. Kwa Wajaluo, mtu asipopatikana huzikwa tunda hilo badala yake. Mimi ni Msukuma. Nilisema sawa. Siku hizo kila kitu nilisema sawa.

"Shemeji, Mama anataka Collins aletwe kwa maji," Otuoma akasema. "Tukishuka kwenye basi, tunateremka na Mto Mori mpaka nyumbani."

"Kina?"

"Mchanga mtupu. Mbuzi anavuka huku anatafuna."

"Mtumbwi unabeba wangapi?"

"Watano, na mizigo kidogo."

Nikapanga maharage mezani. Punje ya nyuma ni Otuoma, mpiga kasia. Mama mkwe katikati. Mchungaji. Mimi. Mbele nikaweka kiberiti: unga, sukari, gunia.

"Punje nne," akasema. "Anyango je?"

"Anabaki hapa Kiseke, kwa jirani, mama Selina."

"Asimzike baba yake?"

"Hapandi chombo cha maji. Nimeshasema."

Anyango alikuwa mlangoni, sare ya shule bado mwilini. Darasa la tatu. Hakulia. Nyumbani kwetu kulia kulikuwa kumeisha, kama mafuta ya taa yanavyoisha.

"Baba yuko wapi hapo?" akauliza.

Nikamwonyesha kiberiti.

Otuoma akakitoa haraka. "Shemeji, huyo si mzigo! Ukimrundika na unga Mama atakufukuza na mwiko. Amesema apakatwe, tena na mtu wa damu yake."

"Si ampakate mwenyewe?"

"Mama? Hata kikombe cha chai anashikiwa."

"Wewe?"

"Nitapiga kasia kwa meno?"

"Mchungaji."

"Mchungaji ni Mjita."

Nilitazama punje zile. Nilitafuta huzuni, nikakuta hesabu tu. Mikono ya Mama, hapana. Ya Otuoma, hapana. Yangu haikuhesabiwa.

Anyango akaenda kwenye kiti, akaketi, akalivuta gunia mapajani. Alilishika vizuri, mkono mmoja chini, mwingine juu, kama nilivyomfundisha kubeba mtoto wa jirani.

"Zito?" nikamuuliza.

"Kidogo."

Nikachukua punje nyingine, nikaiweka mbele ya punje yangu, karibu kiasi cha kumshika gauni. Kisha nikaenda jikoni, nikamwaga maji ya dumu dogo kwenye ndoo, nikafunga kifuniko kwa nguvu. Nilirudi nalo tupu, na kamba, nikaanza kumfunga Anyango kifuani asizame.

Otuoma akacheka. "Shemeji, maji ya magotini!"

"Ndugu yako naye alikuwa anajua maji. Inua mikono, Anyango."

Akainua mmoja. Mwingine ulibaki kwenye gunia. "Na Baba?"

Otuoma aliacha kucheka.

Dumu lililobaki lilikuwa la mafuta ya taa, na mlikuwa bado na kidogo. Nikayamimina kwenye chupa, nikalifuta dumu kwa kitambaa. Nikalifunga kwenye gunia kwa mafundo mawili, nikalivuta kuona kama litalegea.

Halikulegea.

"Sawa," nikasema. "Basi linaondoka saa ngapi?"