Panya wa Kundi la Pili

Nyumbani walimwita binti yao Daktari wa Panya, naye aliupenda utani huo kuliko alivyokubali kusema. Ukweli ni kwamba hakuwahi kumtibu mtu. Kazi yake ilikuwa maabara, kwenye chumba chenye harufu ya maranda na mikojo, akiwachoma panya weupe sindano ya sumu tumboni ili maini yao yaote makovu. Ini lenye makovu mengi hukakamaa, na likikaa hivyo muda mrefu saratani hulinyemelea. Ini la baba yake, fundi viti mstaafu, lilikuwa limeshakakamaa kwa sababu ya virusi alivyoishi navyo miaka mingi bila kujua, na hospitali ilimtaka apigwe picha kila baada ya miezi michache ili saratani ikija ionekane mapema. Ndiyo maana kila alipomshika panya mkononi, alimwona mzee wake.

Hapo ndipo kimbelembele kilipomponza. Panya walipokwisha kuota makovu, alisimamisha sumu kwa wote, akawagawa makundi mawili. La kwanza likapewa dawa mpya, la pili likapewa maji matupu. Wiki kadhaa baadaye akawapasua wa kundi la kwanza. Maini yalikuwa laini, mekundu, kana kwamba hayajawahi kuugua. Mtu mwenye akili zake timamu angefungua na kundi la pili ndipo afungue mdomo. Yeye alipiga simu nyumbani.

"Baba, yamelainika! Dawa inafanya kazi!"

"Nilijua tu, mama," baba akasema. Nyuma yake mama alisikika akiwaita majirani.

Kundi la pili lilifunguliwa asubuhi iliyofuata. Maini laini, mekundu. Panya waliokunywa maji matupu walikuwa wamepona sawasawa na wenzao, kwa sababu sumu ilikoma, na ini la panya kijana likiachwa lipumue hujitengeneza lenyewe. Dawa ilikuwa imekaa pembeni ikipokea sifa za bure. Alipaswa kuendelea kuchoma sumu huku akitoa dawa. Hilo hata wanafunzi wake walilijua. Mkuu wa maabara aliitazama meza, kisha akamtazama yeye.

"Tutaanza upya," akasema. "Bahati nzuri hujamtangazia mtu."

Akatikisa kichwa kukubali, uso ukimwaka moto.

Nyumbani hakusema. Alijiambia atasema Jumapili. Jumapili ikafika, mama akamsifia mbele ya shangazi zake wote, akaahirisha. Akaahirisha tena na tena, mpaka siku moja mama akamwambia kwenye simu, bila wasiwasi wowote:

"Baba yako siku hizi haendi kupigwa picha ya ini. Anasema ajisumbue nini, wakati dawa ya mwanawe iko njiani."

Alikwenda siku hiyohiyo. Akamkuta mzee barazani akikaza mguu wa kiti cha jirani.

"Baba, wale panya wasiopewa dawa nao walipona."

Mzee akaweka bisibisi chini. "Kwa hiyo dawa?"

"Hakuna dawa, baba. Nilikurupuka. Na nimejua siku nyingi, nikaona aibu kukuambia."

Alisubiri afokewe. Alitaka sana afokewe. Mzee alifunga vifungo vya shati lake kimoja kimoja, akainuka.

"Basi twende hospitali, mama."

Hospitalini, daktari alimpaka mzee mafuta tumboni, akapitisha kifaa chake taratibu. Kikaenda, kikasimama, kikarudi palepale. Kwenye kioo cha mashine palikuwa na doa la mviringo. Daktari wa Panya hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alikuwa ameyaona ya namna hiyo mengi, madogo kama punje, kwenye maini mengine.

"Mzee, miadi iliyopita hukuja," daktari akasema. "Na ya kabla yake pia. Kivimbe hiki tungekiona kingali kidogo. Ulizuiwa na nini?"

Binti akafungua mdomo. Baba akamwahi.

"Uzee, daktari. Nilisahau."

"Na huyu ni nani wako?"

"Binti yangu." Mzee aliinua kichwa kutoka kwenye mto ili aseme vizuri. "Ndiye aliyenikumbusha nije."

"Umefanya la maana sana, dada," daktari akasema.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Baba alikuwa akimtazama, akimwomba kwa macho asiseme neno. Naye akasema asante.