Wimbo wa Kupimia Mikono

Jumatatu asubuhi fundi alimaliza shati la sare, na mkono wa kulia ukatoka mfupi kuliko wa kushoto kwa vidole vitatu. Ilikuwa wiki ya tatu ya makosa hayo. Maisha yake yote hakutumia futi. Alipima kwa kuimba. Mkono wa shati ubeti mmoja, pindo la gauni beti mbili, kola kiitikio tu. Lakini tangu albamu ya bintiye itoke, kila akifungua kinywa kuuimba wimbo wake wa kupimia, haukuja. Kusema alisema, kukohoa alikohoa. Wimbo tu ndio uliohama. Wateja nao walianza kuhama.

Majirani hawakuona ajabu. Mto ulikuwa ukipita kimya, maana nao ulikuwa umeimbwa katika albamu, na kengele ya shule iligongwa bila mlio, watoto wakaingia darasani kwa kupungiwa kitambaa. Walisema mtoto wa fundi kaondoka na sauti za hapa, wakaendelea kuanika nguo.

Binti alikuja na albamu mkobani. Nyimbo tisa za kwao, zenye fidla, piano na filimbi, na nyuma ya jalada imeandikwa kwamba zote katunga yeye. Wa tano aliunasa kwa simu, amejibanza nyuma ya pazia, mama yake akishona na kuimba. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kukiri. Mlangoni yakamkauka.

Akaupiga wimbo huo. Mama akasikiliza, mguu juu ya pedali.

"Mwanangu, huu umeutoa wapi?"

Moyo ulimsuta binti. Akatazama vifungo mezani. "Nimeutunga, mama."

"Hongera. Mtamu." Mama akakata uzi kwa meno. "Mimi nilikuwa na wangu, ukanitoka. Niachie huo nifanyie kazi."

Tangu hapo fundi hushona kwa albamu. Mikono hutoka sawasawa, ila katikati ya ubeti fidla huingia, na cherehani haijui kungoja ipite, kwa hiyo kila mkono wa shati huzidi shibiri nzima. Wateja wamerudi. Hukunja tu; kukunja, wanasema, hakuhitaji fundi.

Binti naye alishonewa gauni la jukwaani. Siku ya onyesho mikono ilimfunika hadi kupita ncha za vidole. Baada ya wimbo wa tano, mshereheshaji akauliza mtunzi ni nani. Akainua mkono. Kitambaa kikapepea, vidole havikuonekana. Watu wakapiga makofi.